Mwanzo Kokochi: Jinsi ya Kuanza Karatasi ya Utafiti wa Fasihi Chuoni

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kokochi ni nazi changa kabisa, ndogo kiasi kwamba apitaye chini ya mnazi haishughulikii. Hata hivyo, hakuna nazi iliyokomaa ambayo haikuwa kokochi. Karatasi ya utafiti ndivyo ilivyo. Aghalabu wanafunzi wa vyuo, pamoja na walimu waliorudi masomoni, huwa na hamu ya kuiona nazi, yaani kurasa ishirini au thelathini zilizopigwa chapa na kujalidiwa, ilhali hawajaitunza kokochi, yaani lile swali dogo ambalo karatasi nzima itakua kutokana nalo.

Makala haya yanadhamiria kukuelekeza wewe mwalimu unayesoma wakati wa likizo, nawe mtahiniwa unayejiandaa kuingia chuoni, kuhusu hatua za mwanzo za karatasi ya utafiti wa fasihi ya Kiswahili. Hatutazungumzia jinsi ya kuhitimisha wala kujalidi. Tutashughulikia majuma manne ya kwanza pekee, kwa kuwa ndiyo yanayowaangusha wengi. Wapo walimu waliojilipia karo kutoka kwa mishahara yao, wakahudhuria mihadhara yote na kupita mitihani yote, kisha wakakwama kwa miaka kwenye pendekezo la utafiti. Hao si wavivu wala si wajinga. Kwa maoni yangu, tatizo lao lilianzia katika darasa la fasihi la shule ya upili, na sisi walimu tunahusika.

Mtihani na Utafiti Si Mapacha

Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3) ya mtihani wa KCSE, mtahiniwa hujibu maswali manne, kila moja likiwa na alama 20. Swali limekwisha kutungwa na mtu mwingine. Kazi ya mtahiniwa ni kulielewa, kukumbuka matini, kutoa hoja na kuzitolea mifano. Mtahiniwa hodari huhesabu hoja zake kama mwenye duka ahesabuvyo mauzo ya jioni. Hakuna ubaya katika hilo. Mtihani una shabaha yake.

Zingatia, hata hivyo, vitenzi vinavyotumiwa: fafanua, eleza, thibitisha. Ukiambiwa uthibitishe kwamba mhusika fulani ni katili, umekwisha kuambiwa kuwa ni katili. Jibu lipo kabla hujaifungua riwaya. Utafiti huanzia pale ambapo jibu halijulikani, au linajulikana nusu, au wahakiki wamekubaliana upesi mno. Chuoni hakuna aliyekuandalia swali. Wewe ndiwe mtunzi wa swali, mtahiniwa na, kwa kiasi fulani, mtahini.

Nilipoandika karatasi yangu ya kwanza chuoni, niliijaza maudhui kumi na mawili ya riwaya moja, kila dhamira ikiwa na mifano mitatu. Nilitarajia sifa. Mhadhiri aliirudisha bila alama hata moja ya kalamu nyekundu ndani yake. Katika pambizo ya ukurasa wa kwanza tu alikuwa ameandika maneno matatu: “Swali lako lipi?” Nilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu niliisoma upya karatasi yangu na nikaona kwamba hakukuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa amekosa usingizi kwa kutojua niliyoyaandika. Nilikuwa nimeorodhesha mambo. Sikuwa nimetafuta jambo.

Kutoka Matini hadi Swali

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996, inajulikana na walimu wengi kwa kuwa ilipata kutahiniwa katika shule za upili. Msimulizi wake ni Kongowea Mswahili. Mamake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu kule Tanga. Kongowea anasafiri hadi Kitale nchini Kenya akimtafuta babake. Tuseme umeamua kuandika kuhusu riwaya hii. Tazama jinsi wazo linavyopungua upana na kuongezeka uzito:

(i) “Nitaandika kuhusu Siku Njema.” Hiki ni kitabu tu. Bado si mada.

(ii) “Nitaandika kuhusu maudhui katika Siku Njema.” Hii ni mada, lakini ni bahari isiyo na ufuo. Ndiyo iliyonizamisha mimi.

(iii) “Nitaandika kuhusu safari katika Siku Njema.” Umeanza kuona ufuo. Hata hivyo, bado unaweza kuorodhesha safari zote na kusimama hapo.

(iv) “Nitaandika kuhusu usimulizi wa safari ya kumtafuta baba katika Siku Njema.” Sasa umeunganisha fani na maudhui. Hii ni mada inayotafitika.

(v) “Kongowea anasimulia mambo yaliyokwisha kupita, na kwa hivyo anajua mwisho wa safari yake. Je, anatumia mbinu gani kumfanya msomaji amtafute baba pamoja naye, kana kwamba hajui? Na mbinu hizo zinaathiri vipi jinsi msomaji anavyomhukumu baba huyo?” Hapa umepata swali.

Tofauti kati ya hatua ya nne na ya tano ndiyo tofauti kati ya kulikodolea macho shamba na kulishika jembe. Mada hukuambia utazame wapi. Swali hukuambia unatafuta nini. Mwanafunzi mwenye mada bila swali hukusanya kila kitu, kwa sababu hana kipimo cha kumwambia lipi aliache.

Unapokwisha kulipata swali, lipime kwa mizani hii minne:

(a) Je, mtu mwenye akili timamu anaweza kulijibu kwa namna tofauti na yako? Kama hawezi, hilo si swali la utafiti. “Je, Kongowea anasafiri?” halina ubishi.

(b) Je, ushahidi wa kulijibu unapatikana katika matini uliyo nayo? Swali kuhusu nia ya siri ya mwandishi haliwezi kujibiwa kwa kusoma riwaya peke yake.

(c) Je, linatoshana na kurasa na muda uliopewa? Karatasi ya kurasa ishirini haiwezi kubeba riwaya zote za Walibora. Mshika mbili moja humponyoka.

(d) Je, likijibiwa, litamfaa nani? Swali letu linaweza kumfaa mwalimu anayefundisha nafsi ya usimulizi, jambo ambalo wanafunzi wengi hulitaja kwa sentensi moja tu kisha wakaenda zao.

Maswali Kutoka Tanzu Nyingine

Utaratibu huo huo unafaa katika tanzu zote. Katika tamthilia, chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), ambayo chanzo chake ni Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Usiulize tu kama tamthilia hiyo inahusu ukombozi, hilo linajulikana. Uliza ni mambo gani ya kihistoria ambayo mtunzi ameyabadilisha ili kuonyesha shaka inayomtafuna kiongozi, na mabadiliko hayo yanafanya kazi gani jukwaani.

Katika ushairi, kuna diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka wa 1973 baada ya mtunzi kufungwa jela kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Mwanafunzi wa kawaida ataandika kuhusu mateso ya gerezani. Wewe unaweza kuuliza: kwa nini mshairi aliyenyimwa uhuru achague kujifunga tena kwa vina na mizani? Je, arudhi katika shairi fulani mahususi ni kifungo, silaha au kificho? Swali la aina hiyo litakulazimisha kuhesabu mizani kwa sababu maalum, wala si kwa mazoea.

Katika Utengano wa Said Ahmed Mohamed (1980), riwaya ambayo Bwana Maksuudi anawafungia ndani mkewe na bintiye Maimuna, unaweza kuchunguza nyumba yenyewe: milango, madirisha na kuta zinasimuliwa vipi kabla na baada ya Maimuna kutoka? Katika fasihi simulizi, usiende mbali. Nyimbo zinazoimbwa kwenye harusi za mtaani mwako, au vitendawili ambavyo nyanya yako bado anavikumbuka, ni hazina. Ila kumbuka kuwa utafiti wa nyanjani huhitaji ridhaa ya wanaohojiwa. Uliza idarani mapema iwapo utahitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), usije ukakusanya data usiyoruhusiwa kuitumia.

Soma Matini Kabla ya Mwongozo

Kosa linalofuata ni la kuanzia kwenye mwongozo. Miongozo ya vitabu teule imewasaidia watahiniwa wengi, na baadhi yetu tumeiandika. Hata hivyo, mwongozo umeandikwa kujibu maswali ya mtihani. Ukianza nao, utaiona riwaya kwa macho ya mwenzako na swali lako litakufa kabla halijazaliwa.

Soma matini mara mbili. Mara ya kwanza soma kama msomaji yeyote: cheka, kasirika, hurumia. Tia alama ya penseli pale tu unaposhtuka. Mara ya pili soma ukiwa na daftari, na urudi kwenye kila alama ukijiuliza ni nini kilichokushtua. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Upande wa kushoto andika dondoo na nambari ya ukurasa. Upande wa kulia andika maoni yako. Usichanganye pande hizo. Mwanafunzi anayechanganya maneno ya mwandishi na yake kwenye daftari atayachanganya pia kwenye karatasi, na huo ndio mlango mkuu wa wizi wa kitaaluma.

Mshtuko huo mdogo ndio kokochi. Kwa mfano, huenda ukashtuka kuwa jina Kongowea ni jina la mtaa wa Mombasa, ilhali mwenye jina anatokea Tanga. Wengi hupita hapo. Ukisimama na kuuliza kwa nini mtoto apewe jina la mahali asipoishi, na tena aitwe Mswahili, umekwisha kuingia ndani ya suala la utambulisho bila kulitaja neno utambulisho.

Udurusu wa Yaliyoandikwa

Baada ya kulipata swali, nenda ukawasikilize waliotangulia. Usiende kabla, kwa maana utameza maoni yao. Usichelewe sana, kwa maana huenda swali lako limekwisha kujibiwa. Anzia maktaba ya chuo chako na uombe kuona tasnifu za uzamili zilizowasilishwa katika idara ya Kiswahili. Vyuo vikuu kadhaa nchini sasa huziweka tasnifu hizo kwenye intaneti, na kwa hivyo mwalimu aliye mbali na chuo hahitaji kusafiri kwa kila jambo. Tafuta pia majarida: Kiswahili na Mulika kutoka taasisi ya Dar es Salaam iliyojulikana kama TUKI na ambayo ni TATAKI tangu mwaka wa 2009, pamoja na Swahili Forum, linalosomeka bila malipo mtandaoni. Kwa istilahi, Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila (2003) ni mwenzi mwema, na Ufundishaji wa Fasihi wa Kimani Njogu na Rocha Chimerah (1999) ungali na manufaa kwa mwalimu.

Unaposoma kazi ya mhakiki, jiulize mambo matatu: aliuliza swali gani, alilijibu vipi, na aliacha nini? Jambo hilo la tatu ndilo pengo la utafiti. Pengo halimaanishi kwamba hakuna aliyewahi kukitaja kitabu chako. Linamaanisha kwamba swali lako, kwa namna ulivyoliuliza, bado halijajibiwa vya kutosha. Udurusu si orodha ya nani alisema nini. Ni baraza: wakalishe wahakiki pamoja, onyesha wanapokubaliana na wanapozozana, kisha nawe uketi pale penye nafasi.

Tangu ukurasa wa kwanza, andika kikamilifu jina la mwandishi, mwaka, anwani ya kazi, mchapishaji na ukurasa. Kutafuta nambari ya ukurasa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ni adhabu usiyostahili. Pia, jihadhari na programu za akili unde. Zinaweza kukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, kikiwa na mwandishi na mwaka. Chochote ambacho hujakiona kwa macho yako, usikitaje.

Nadharia Hufuata Swali

Wanafunzi wengi huniuliza, “Nitumie nadharia gani?” hata kabla ya kuamua watachunguza nini. Hilo ni sawa na kuuliza utabeba kisu au shoka ilhali hujui kama unaenda jikoni au msituni. Nadharia ni chombo. Swali ndilo linalokichagua.

Swali letu la Siku Njema linahusu anayesimulia, anachokijua na wakati anapokifichua. Kwa hivyo linaita naratolojia, hasa mawazo ya Gérard Genette, ambaye katika kazi yake ya 1972 alitenganisha anayesema na anayeona. Kutokana na tofauti hiyo, tunaweza kumtenga Kongowea anayesimulia akiwa amekwisha kujua mambo na Kongowea anayesafiri bila kujua. Mhimili huo mmoja unatosha kuanzia. Kama swali lako lingekuwa kuhusu kufungiwa kwa Maimuna, huenda nadharia ya ufeministi ingekufaa zaidi. Epuka kurundika nadharia tatu ili kumtisha mtahini. Ukitaja mhimili, utumie, usipoutumia, uondoe.

Pendekezo katika Aya Moja

Kabla ya kuandika pendekezo lenye sehemu zote, andika aya moja. Aya hiyo itaje matini, tatizo, swali, jibu la muda, yaani nadharia tete, na njia utakayofuata. Mfano ni huu:

“Utafiti huu unachunguza usimulizi wa nafsi ya kwanza katika Siku Njema. Msimulizi wa riwaya hii anasimulia mambo yaliyopita, na hivyo anajua hatima ya safari yake, lakini anamwacha msomaji gizani. Tunauliza ni mbinu zipi anazozitumia kuzuia habari hizo na zina athari gani kwa taswira ya baba. Tunakisia kwamba kucheleweshwa kwa habari kunamjengea msomaji huruma ambayo asingekuwa nayo kama angeambiwa yote mapema. Tutasoma kwa makini sehemu teule za mwanzo, kati na mwisho tukiongozwa na naratolojia.”

Aya hiyo haijathibitisha lolote. Huenda ukisoma utakuta kwamba makisio ni ya uongo, kwamba kucheleweshwa kwa habari kunazaa hasira badala ya huruma. Usihuzunike. Makisio yaliyokataliwa na ushahidi yana thamani kuliko makisio yaliyolazimishwa kukubaliwa.

Mpelekee msimamizi wako aya hiyo, si kurasa arubaini. Msimamizi ana wanafunzi wengi, na aya moja ataisoma siku hiyo hiyo. Akiikosoa, utakuwa umepoteza siku moja, wala si muhula. Ratiba ifuatayo inaweza kukufaa: juma la kwanza, kusoma matini mara mbili, juma la pili, kutunga na kupima swali, juma la tatu, udurusu, juma la nne, aya ya pendekezo na kikao na msimamizi. Mwalimu mwenye vipindi vingi anaweza kurefusha ratiba hii, lakini asiupindue mfuatano wake.

Tamati

Nimalizie kwa neno kwako, mwalimu mwenzangu. Wanafunzi wetu hawawezi kuuliza maswali chuoni ikiwa kwa miaka minne tuliwazoeza kuyajibu tu. Hatuwezi kuupuuza mtihani, na mzazi hatatuelewa tukijaribu. Hata hivyo, tunaweza kutenga dakika kumi za kipindi kimoja kwa juma na kuwaambia wanafunzi wafunge miongozo yao, kisha kila mmoja aandike swali moja kuhusu kitabu teule ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Mwanzoni watakutazama kwa mshangao. Wengine wataandika, “Eleza sifa za mhusika mkuu.” Rudisha kijikaratasi hicho na uulize, “Hili hulijui kweli?” Baada ya majuma machache atatokea mmoja atakayeuliza jambo ambalo hata wewe hujawahi kulifikiria. Usijikaze kulijibu. Mwambie alitunze swali lake, kwa kuwa atalihitaji.

Nawe uliyerudi masomoni na pendekezo lako limelala kwenye droo tangu likizo iliyopita, usianze kwa kuongeza kurasa. Litoe, tafuta kipande cha karatasi, na uandike kwa sentensi moja kile usichokijua na unachotaka kukijua. Ikiwa sentensi hiyo inakuja kwa shida, umeipata sababu ya kukwama kwako. Ikija, kazi imeanza.